Unene wa Utotoni na Mazoea ya Nyumbani: Mazingatio kutoka Karagwe na Kyerwa

Mwezi Novemba mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange, makao ya Rumanyika, mtawala wa Karagwe, akapokewa kwa ukarimu mkubwa. Miongoni mwa mambo aliyoyasimulia katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1863 ni unene wa wanawake wa jamaa ya mtawala. Shemeji mmoja wa Rumanyika alikubali kupimwa kwa utepe: mzingo wa mkono wake wa juu ulikuwa inchi 23, yaani takribani sentimita 58, na wa kifua inchi 52, yaani sentimita 132. Karibu naye alikuwapo binti yake wa miaka 16, akinywa maziwa kutoka katika chombo chake, na baba yake ameketi kando na fimbo mkononi ili binti asiache kunywa. Katika nyumba ile unene wa mwanamke ulikuwa heshima, na heshima hiyo iliandaliwa mapema.

Habari hii husimuliwa aghalabu kama kituko, na Speke mwenyewe aliiandika kwa kejeli ya mgeni. Hata hivyo, mtaalamu wa lishe huona ndani yake jambo la maana. Desturi ile iliwahusu wanawake wa jamaa zenye ng'ombe wengi. Wakulima wa vilima vilevile, waliokula ndizi, ulezi na maharage, hawakuwa na maziwa ya kufanya hivyo hata kama wangetaka. Mwili wa yule binti, basi, uliamuliwa na watu wazima waliomzunguka: anywe nini, kiasi gani, na kwa madhumuni gani. Hakuwa mlafi. Alikuwa mtiifu.

Karagwe ya leo si ile. Mwaka 2012 sehemu yake ilitengwa ikawa Wilaya ya Kyerwa, na wakazi wa wilaya zote mbili huishi kwa migomba, maharage, kahawa na ufugaji. Hakuna baba anayekaa na fimbo kando ya chombo cha maziwa. Lakini swali la kitabibu limebaki vilevile, kwa kuwa mtoto wa miaka minne hanunui chakula, hapiki, hapangi saa ya kulala, wala hachagui kwenda shule kwa miguu au kwa bodaboda. Wanaoamua ni baba, mama, bibi, na kwa kiasi fulani mwenye duka la jirani. Anayetaka kuelewa hatari ya unene wa utotoni hana budi kuitazama nyumba nzima.

Tatizo dogo ndani ya tatizo kubwa

Ni lazima kwanza kila jambo lipewe uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba mkoani Kagera takribani watoto 42 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 34. Katika utafiti wa mwaka 2022 wastani wa nchi ulishuka hadi 30. Katika utafiti huohuo wa 2022, watoto wenye uzito uliozidi nchini walikuwa takribani 4 tu katika kila 100. Mhudumu wa afya anayebisha hodi Nkwenda au Kaisho ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumkuta mtoto aliyedumaa kuliko mtoto aliyenenepa kupita kiasi.

Tahadhari hii si ya adabu tu. Mahubiri dhidi ya unene yakitolewa kiholela katika mkoa wenye udumavu mwingi huweza kudhuru. Mama aliyeambiwa aogope mafuta anaweza kuondoa karanga, maziwa na parachichi katika chakula cha mtoto wa mwaka mmoja, na hivyo kumnyima kile hasa anachokihitaji ili akue.

Kwa nini basi suala hili lizungumzwe sasa? Kwanza, kwa sababu miili ya wazazi inabadilika haraka. Mwaka 2010 wanawake wa Tanzania waliokuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa 22 katika kila 100. Kufikia 2015–16 walikuwa 28. Pili, kwa sababu tafiti zilizofanywa kwa wanafunzi wa shule za msingi Dar es Salaam zimeukuta unene zaidi katika shule binafsi, yaani katika familia zenye uwezo. Fedha na usafiri vinapoongezeka Kayanga, Omurushaka au Rubwera, hakuna sababu ya kudhani kwamba miji hiyo itapita njia nyingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 37 wenye umri chini ya miaka mitano duniani walikuwa na uzito uliozidi, na wenye umri wa miaka 5 hadi 19 walikuwa zaidi ya milioni 390.

Madhara yake hayasubiri uzee. Mtoto mwenye kiribatumbo huweza kukoroma na kukosa usingizi mzuri, kuumwa magoti na nyonga, na kudhihakiwa na wenzake hadi akaichukia shule. Akikua na unene huo, hatari ya kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu na magonjwa ya moyo huongezeka. Magonjwa hayo hudai dawa za kila siku na safari za kliniki zisizokwisha, jambo zito kwa kaya inayotegemea mavuno ya kahawa ya mara moja kwa mwaka.

Kwa nini wembamba unaogopwa

Mkoani Kagera wembamba haujawa suala la sura tu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujajulikana vizuri, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichoingia kwa biashara ya mpakani. Upande wa pili, nchini Uganda, uliitwa Slim, neno lenye maana ya wembamba. Kwa miaka mingi kukonda kulikuwa tangazo la msiba unaokuja.

Yaliyowapata watoto yameandikwa. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti wa Benki ya Dunia na wa Muhimbili walizifuatilia kaya zaidi ya 900 mkoani Kagera, zikiwamo za Karagwe, ili kujua familia zinaishije baada ya vifo vya watu wazima. Watoto wa kaya hizo walitafutwa tena mwaka 2004 na mwaka 2010, wakiwa watu wazima. Ilionekana kwamba waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walikuwa wafupi kwa takribani sentimita 2, na walikosa karibu mwaka mmoja wa masomo, kuliko ambavyo ingetarajiwa kama mama angeishi.

Bibi aliyewalea wajukuu wa aina hiyo, aliyeuguza na kuzika wanawe mwenyewe, anapomshika mtoto shavu na kusema amenawiri, anatoa shukrani. Anapoambiwa na mhudumu kijana kwamba mjukuu huyo anatakiwa kupunguza uzito, anasikia jambo la kutisha. Mhudumu asiyeijua historia hii atadhani bibi ni mkaidi. Ni vema aanze kwa kukiri kwamba hofu hiyo ilikuwa na sababu, kisha aeleze kilichobadilika: dawa za kufubaza virusi huwawezesha watu wanaoishi na VVU kuwa na miili ya kawaida na maisha marefu, hivyo wembamba hauthibitishi ugonjwa huo, kama ambavyo unene hauthibitishi uzima.

Kinachorithiwa na kinachofundishwa

Si kweli kwamba kila kitu ni mazoea. Watoto huzaliwa na tofauti za njaa na shibe, na sehemu ya tofauti hizo hutokana na jeni; mwaka 2007 watafiti walibaini kwamba jeni iitwayo FTO ina aina zinazoambatana na uzito mkubwa. Mzazi mnene anaposema mwanawe amemrithi, huenda anasema kweli. Lakini jeni za watu hazibadiliki katika kizazi kimoja, na unene umeongezeka ndani ya kizazi kimoja. Kilichobadilika ni mazingira ambamo jeni hizo zinafanya kazi.

Utafiti uliofanywa Marekani na Robert Whitaker na wenzake, uliochapishwa mwaka 1997, unatoa mwanga katika pande zote mbili. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 10, kuwa na mzazi mwenye kiribatumbo kulizidisha maradufu na zaidi uwezekano wa yeye mwenyewe kuwa nacho ukubwani, hata kama kwa wakati huo mtoto alikuwa wa uzito wa kawaida. Kwa upande mwingine, mtoto mnene aliye chini ya miaka mitatu, ambaye wazazi wake si wanene, alikuwa na hatari ndogo. Kwa hiyo mashavu ya mtoto anayenyonya vizuri si jambo la kumwondolea mama usingizi. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi.

Baada ya hapo mafunzo ya mezani huanza, na mengi hutolewa pasipo mtu kujua kwamba anafundisha. Lililo la kawaida kuliko yote ni amri ya kumaliza chakula. Katika nyumba iliyowahi kuonja njaa, kubakiza chakula ni utovu wa adabu, na malezi hayo yana heshima yake. Hata hivyo, majaribio ya mwanasaikolojia Leann Birch na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 1987, yalionyesha gharama yake. Watoto waliofundishwa kuangalia kiasi kilichobaki sahanini na kutuzwa kwa kukimaliza waliacha kuisikia miili yao. Walikula bila kujali kama walikwisha kupata chakula chenye nishati nyingi. Watoto waliofundishwa kusikiliza njaa na shibe walijipunguzia wenyewe. Dawa yake kwa nyumba isiyotaka kutupa chakula ni nyepesi: mtoto apakuliwe kidogo, na aongezwe akiomba.

Kinyume cha amri hiyo nacho kina hatari. Birch na Jennifer Fisher waliona baadaye, mwaka 1999, kwamba chakula kinachowekwa mbele ya macho ya mtoto na kukatazwa huzidi kutamaniwa. Soda inayofungiwa kabatini ili itolewe kama zawadi ya mtihani humfundisha mtoto kwamba soda ni kitu cha thamani kuliko vyote vilivyomo nyumbani.

Na hapa ndipo msimu wa kahawa unapohusika. Malipo yanapotoka katika vyama vya msingi, fedha nyingi huingia nyumbani kwa wakati mmoja, na mzazi aliyewanyima watoto wake kwa miezi mingi hupata nafasi ya kuonyesha upendo. Upendo huo huja kwa soda, biskuti na chipsi. Chupa ya soda ya kola ya mililita 330 ina takribani gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vya chai vinane au tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto wa miaka mitano chupa hiyo moja hukimaliza kiwango chote, kabla ya kuhesabu sukari ya chai ya asubuhi na jioni. Isitoshe, nishati iliyomo katika kinywaji haishibishi kama nishati iliyomo katika chakula cha kutafuna, hivyo mtoto hunywa soda na bado hula kama kawaida. Soda ya sikukuu haimdhuru mtu. Soda inayogeuka kuwa maji ya kunywa ndiyo tatizo, na ugeukaji huo hutokea polepole, bila siku mtu atakayoikumbuka.

Sufuria ya ndizi

Chakula cha asili cha wilaya hizi hakistahili lawama. Ndizi zilizochemshwa pamoja na maharage zina maji mengi, zina nyuzinyuzi, na hujaza tumbo mapema. Kwa mtoto mkubwa na kwa mtu mzima ni kinga dhidi ya kula kupita kiasi. Ndizi hiyohiyo ikikatwa na kuzamishwa katika mafuta ya moto hupoteza maji na kufyonza mafuta, na nishati katika gramu 100 huzidi maradufu. Mtoto anayekula chipsi za ndizi njiani kutoka shule anaweza kuamini, pamoja na wazazi wake, kwamba amekula ndizi tu.

Lakini sifa inayomlinda mkubwa humpunja mdogo. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Likijaa ndizi laini zenye maji, halina nafasi ya protini na mafuta anayoyahitaji ili arefuke. Mara nyingi, tena, mtoto huyo hupewa mchuzi wa maharage, na maharage yenyewe huliwa na wakubwa. Yaani sufuria moja, mezani pamoja, inaweza kuwafaa watu watano na kumdumaza wa sita. Maharage yaliyopondwa, yai, maziwa, dagaa waliosagwa, senene katika majira yake na kipande cha parachichi hubadilisha sahani ya mtoto kwa gharama ndogo.

Udumavu huo una uhusiano na unene kuliko inavyodhaniwa. Watafiti waliowapima watoto wa vitongoji maskini vya São Paulo, Brazil, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000, waligundua kwamba watoto waliodumaa waliyeyusha mafuta kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wasiodumaa wa mitaa ileile. Mwili uliozoea uhaba hujifunza kuweka akiba. Mtoto huyo akipata baadaye wali, mandazi na soda kwa wingi, ataongezeka upana kwa urahisi, ilhali muda mkuu wa kuongezeka urefu, yaani tangu kutungwa mimba hadi miaka miwili, umekwisha kupita. Kwa hiyo anayetaka kuzuia unene wa kijana wa kesho huko Kyerwa aanze na lishe ya mjamzito na ya mtoto mchanga wa leo. Ndiyo maana si sahihi kuyatenganisha matatizo haya mawili kana kwamba moja ni la maskini na jingine la matajiri. Mama mnene na mtoto aliyedumaa huweza kuishi chini ya paa moja.

Miguu, kioo na usingizi

Kwa watoto wengi wa vijijini, mwendo wa kwenda shule, kuchota maji na kucheza uwanjani hutosha na kupita dakika 60 za kila siku zinazopendekezwa kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Wanaoupoteza mwendo huo ni wale wanaopelekwa kwa bodaboda au basi la shule, kisha wakirudi hukaa mbele ya runinga au simu ya mzazi. Kumlaumu mzazi kwa bodaboda si haki kamili, kwa maana barabara ni hatari na baadhi ya shule ziko mbali. Lakini mchezo wa jioni nje ya nyumba haugharimu kitu. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4 muda wa kukaa mbele ya kioo usizidi saa moja kwa siku, na aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele yake kabisa.

Usingizi husahauliwa zaidi. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, na wa shule ya msingi saa 9 hadi 12. Asiyelala vya kutosha hupata njaa zaidi, kwa sababu homoni za njaa huongezeka na za shibe hupungua, na hutamani zaidi vitu vitamu. Umeme na simu vilivyoingia vijijini vimesogeza mbele saa ya kulala ya nyumba nzima, na watoto hufuata.

Kupima kabla ya kusema

Unene wa mtoto haupimwi kwa macho, wala kwa vipimo vya watu wazima. Uzito wake hulinganishwa na urefu wake, kisha na watoto wenye afya wa umri na jinsia yake. Mzani peke yake hudanganya: mtoto mfupi mnene na mtoto mrefu mwembamba huweza kuwa na kilo zilezile. Mzazi anayempeleka mtoto kliniki ana haki ya kuomba mtoto apimwe urefu pia, na uandikwe katika kadi.

Ikithibitika kwamba uzito umezidi, mtoto asiwekwe katika njaa. Anakua bado, mara nyingi inatosha uzito usiongezeke haraka wakati urefu unaendelea, hadi vilingane. Asitengewe sahani yake ya peke yake wala asiitwe bonge. Maji ya kunywa yachukue nafasi ya soda kwa wote, akiwamo baba, na chakula cha jioni kiliwe pamoja bila simu. Mazungumzo ya ushauri yafanywe na wale wanaoamua: mwenye fedha za kahawa, mpishi, na bibi anayepakua. Mama akishauriwa peke yake kliniki, kisha akarudi katika nyumba ambayo hakuna mwingine aliyesikia, ushauri huishia njiani.

Ipo pia hali moja ambayo macho yaliyozoea kusifu unene huikosea kwa hatari kubwa. Mtoto aliyeachishwa ziwa mapema na kulishwa wanga mtupu anaweza kupata unyafuzi, na uso na miguu yake ikavimba maji hadi akaonekana amenenepa. Nywele zake huweza kuwa nyepesi na kubadilika rangi, naye huwa mnyonge na hataki kucheza wala kula. Kumtambua hakuhitaji chombo chochote: migongo ya nyayo zote mbili ibonyezwe kwa kidole gumba kwa muda wa kuhesabu hadi tatu. Kidole kikiondolewa na vishimo vikabaki katika miguu yote miwili, yale si mafuta. Mtoto huyo afikishwe siku hiyohiyo katika kituo cha afya kilicho karibu au hospitalini, iwe Nyakahanga kwa upande wa Karagwe au Isingiro kwa upande wa Kyerwa.